Nini Hasa Kilitokea Tarehe 4 Julai?

Redio na magazeti mengi huwa na kipengele cha "siku kama ya leo", kinachotaja kwa pumzi moja waliozaliwa, waliofariki na mambo yaliyotukia katika tarehe fulani. Kwa historia ya Marekani, ni vigumu kupata tarehe inayokijaza kipengele hicho kuliko 4 Julai. Nchi ilitangaza uhuru wake, marais watatu wakafariki, rais mmoja akazaliwa, mji wa Vicksburg ukasalimu amri, ujenzi wa reli ukaanza, bondia mweusi akatetea ubingwa wa dunia, chombo cha anga kikatua Mars. Anayeyasoma yote kwa mfululizo anaweza kudhani kwamba tarehe hiyo inavuta matukio kama sumaku. Lakini baadhi ya mambo hayo yaliangukia siku hiyo kwa sadfa tupu, mengine yalipelekwa huko na watu waliojua vizuri wanachokifanya, na mengine hayakutokea siku hiyo kabisa ila kumbukumbu za watu ndizo zilizoyasogeza. Orodha huyaweka yote katika mstari mmoja bila kutofautisha, na ndiyo maana inafaa kuyachambua.

Mahali pa kuanzia ni 1776, kwa sababu hata tukio lenyewe linaloipa tarehe hiyo jina lake halikuwa tukio la siku moja. Tarehe 7 Juni mwaka huo, Richard Henry Lee, mjumbe wa Virginia, aliwasilisha mbele ya Bunge la makoloni lililokuwa likikutana Philadelphia azimio lililosema kwamba makoloni hayo yana haki ya kuwa majimbo huru na kwamba utii wao kwa mfalme wa Uingereza umekwisha. Wajumbe kadhaa hawakuwa na idhini ya mabaraza yao kupigia kura jambo zito kiasi hicho, hivyo uamuzi ukaahirishwa hadi mwanzoni mwa Julai. Ili muda usipotee, tarehe 11 Juni iliteuliwa kamati ya watu watano kuandaa maelezo ya kuutetea uamuzi huo mbele ya ulimwengu, endapo ungepita. Watu hao walikuwa Thomas Jefferson wa Virginia, John Adams wa Massachusetts, Benjamin Franklin wa Pennsylvania, Roger Sherman wa Connecticut na Robert Livingston wa New York, na aliyeshika kalamu alikuwa Jefferson.

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: azimio la Lee, ambalo ndilo lililovunja uhusiano na Uingereza, na Tangazo la Uhuru, ambalo lilieleza kwa nini uhusiano huo umevunjwa. Azimio ndilo lililotangulia. Lilijadiliwa tarehe 1 Julai na kupitishwa tarehe 2 Julai kwa kura za makoloni 12, huku wajumbe wa New York wakijizuia kupiga kura kwa sababu walikuwa bado wanasubiri maelekezo kutoka kwao. Kura ya Delaware ilipatikana kwa shida, kwani wajumbe wake wawili waliokuwepo hawakukubaliana, mpaka mwenzao wa tatu, Caesar Rodney, alipowasili baada ya safari iliyocheleweshwa na mvua na radi. Kisheria, basi, siku ambayo makoloni yalijitenga ni 2 Julai. John Adams hakuwa na shaka yoyote juu ya hilo. Siku iliyofuata alimwandikia mkewe Abigail kwamba 2 Julai itakuwa siku ya kukumbukwa kuliko zote katika historia ya Amerika, na kwamba vizazi vijavyo vitaiadhimisha kwa gwaride, michezo, mizinga, kengele na mioto ya shangwe kutoka upande mmoja wa bara hadi mwingine. Alitabiri kila kitu sawasawa isipokuwa tarehe.

Baada ya kura hiyo wajumbe waligeukia maandishi ya Jefferson, wakayapitia neno kwa neno na kuyapunguza kwa kiasi ambacho mwandishi wake hakukisahau maisha yake yote. Kifungu kirefu kilichoondolewa kilimlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Kwa maelezo ya Jefferson mwenyewe, kiliondolewa ili kuziridhisha Carolina Kusini na Georgia, zilizotaka biashara hiyo iendelee, na hata watu wa kaskazini waliokuwa wakiwasafirisha watumwa hao kwa meli zao hawakukifurahia. Kilichofanyika tarehe 4 Julai ni kuidhinishwa kwa maandishi hayo yakiwa yamekwisha kukatwa na kurekebishwa. Bunge liliagiza yachapwe, na usiku huo mpiga chapa John Dunlap alitoa nakala zinazokadiriwa kufikia 200, ambazo 26 kati yake zinajulikana kuwepo hadi leo. Karatasi hizo zina majina mawili tu yaliyopigwa chapa pamoja na tangazo: John Hancock, mwenyekiti wa Bunge, na Charles Thomson, katibu wake.

Picha iliyomo vichwani mwa wengi, ya wajumbe waliopanga mstari kutia sahihi tarehe 4 Julai, haina msingi. New York ilitoa ridhaa yake tarehe 9 Julai. Kabla ya hapo tangazo lisingeweza kuitwa la makoloni yote 13. Tarehe 19 Julai Bunge liliagiza liandikwe upya kwa mwandiko mzuri juu ya ngozi, likiwa na kichwa kipya kinachosema kwamba ni tangazo la kauli moja, na wajumbe wengi wakatia sahihi tarehe 2 Agosti. Wachache walitia sahihi baadaye zaidi, akiwemo Matthew Thornton wa New Hampshire, ambaye alijiunga na Bunge mwezi Novemba. Miongoni mwa watu 56 ambao majina yao yako kwenye ngozi ile wamo waliokuwa hawajachaguliwa kuwa wajumbe tarehe 4 Julai. Umma haukuyaona majina hayo kwa pamoja mpaka Januari 1777, Mary Katherine Goddard, mpiga chapa wa Baltimore, alipotoa nakala iliyoyaorodhesha.

Kwa nini, basi, siku ya pili ikasahaulika na ya nne ikabaki? Sababu kubwa ni ya kawaida sana: karatasi iliyobandikwa mijini na kusomwa hadharani ilikuwa na tarehe ya 4 Julai juu yake. Watu waliosikia tangazo likisomwa Philadelphia tarehe 8 Julai, au wanajeshi wa George Washington waliosomewa huko New York siku iliyofuata, hawakuwa na njia ya kujua ratiba ya kura za ndani ya Bunge. Mwaka uliofuata Philadelphia iliadhimisha 4 Julai kwa mizinga na fataki, na desturi ikaanza. Miaka ya 1790 siasa za vyama ziliongeza uzito, kwa sababu wafuasi wa Jefferson walilifanya tangazo, pamoja na jina la mwandishi wake, kuwa kiini cha sherehe, wakati wafuasi wa Adams hawakuona sababu ya kumpamba mpinzani wao. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Jefferson, Adams na Franklin wote waliandika baadaye kwamba sahihi zilitiwa tarehe 4 Julai, ingawa wao wenyewe walikuwemo ukumbini. Thomas McKean wa Delaware alijaribu kusahihisha akiwa mzee, bila mafanikio makubwa. Mchoro mkubwa wa John Trumbull uliotundikwa katika jengo la Kongresi, ambao pia umechapwa nyuma ya noti ya dola mbili, umezidi kuikaza dhana hiyo, ingawa kinachoonyeshwa pale si utiaji sahihi bali kamati ya watu watano ikikabidhi rasimu yake mwezi Juni.

Vifo ndivyo vilivyoipa tarehe hii sifa ya miujiza. Tarehe 4 Julai 1826, siku ya kutimiza miaka 50 tangu tangazo liidhinishwe, Thomas Jefferson alifariki nyumbani kwake Monticello, Virginia, yapata saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka 83. Saa chache baadaye, jioni ya siku hiyo hiyo, John Adams alifariki Quincy, Massachusetts, akiwa na miaka 90. Walikuwa wamefanya kazi pamoja mwaka 1776, wakawa mahasimu wakali katika uchaguzi wa urais wa 1796, alioshinda Adams, na wa 1800, alioshinda Jefferson, kisha wakanyamaziana kwa zaidi ya miaka kumi. Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia ambaye naye alitia sahihi tangazo, aliwapatanisha, na kuanzia 1812 waliandikiana barua mpaka mwaka wa kufa kwao. Inasimuliwa kwamba maneno ya mwisho ya Adams yalikuwa "Thomas Jefferson yu hai," au kitu karibu na hicho, kwa maana waliokuwepo walisema neno la mwisho halikusikika vizuri. Hakuwa na namna ya kujua kwamba mwenzake ametangulia. Habari zilisafiri kwa farasi na kwa meli. John Quincy Adams, mwanawe, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa rais, alipata habari za Jefferson tarehe 6 Julai akiwa Washington, na za kifo cha baba yake akiwa njiani kuelekea kwao.

Rais huyo aliandika katika shajara yake kwamba sadfa hiyo ni alama ya wazi ya fadhila za Mwenyezi Mungu juu ya nchi, na wahubiri na wasemaji walilirudia wazo hilo majira yote ya kiangazi. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Julai 1831, James Monroe, rais wa tano, alifariki New York akiwa na miaka 73. Marais watatu kati ya watano wa kwanza walikuwa wameondoka kwa tarehe moja, na waliokuwa bado na mashaka juu ya mkono wa Mungu wakapungua.

Msomaji wa leo anaweza kuyaangalia mambo haya kwa utulivu zaidi. Vifo viwili vya 1826 havikuwa vya watu waliokuwa na afya njema wakaanguka ghafla. Wote wawili walikuwa wazee sana, wote walikuwa wakidhoofika kwa wiki kadhaa, na wote walijua kwamba siku ya miaka 50 inakaribia, kwa sababu walikuwa wamealikwa kwenye sherehe. Jefferson alikuwa ameuandikia mji wa Washington barua tarehe 24 Juni akiomba radhi kwamba ugonjwa hautamruhusu kuhudhuria. Usiku wa tarehe 3 alizinduka na kuuliza kama imeshafika siku ya nne, na alikataa dawa ya kumtuliza ambayo daktari wake, Robley Dunglison, alikuwa akimpa. Adams naye, siku chache kabla, aliombwa na wakazi wa Quincy awape maneno ya kunywea heri katika sherehe yao, akawapa mawili tu yenye maana ya "uhuru milele" na kukataa kuongeza. Mtu aliyekwisha kufika ukingoni na anayeisubiri siku fulani huenda akajishikiza saa chache zaidi. Sidhani kwamba jambo hilo ni la kushangaza kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mzee. Kwa upande mwingine, yapo masimulizi kwamba James Madison, rais wa nne, alipokuwa akifa mwaka 1836, watu wa karibu naye walitaka apewe dawa za kumchangamsha ili afike 4 Julai, naye akakataa. Alifariki tarehe 28 Juni. Kama angekubali, orodha ingekuwa na marais wanne na hadithi ya miujiza ingekuwa nene zaidi, ingawa ingekuwa kazi ya daktari.

Kifo cha Monroe hakina maelezo ya namna hiyo, na hakuna haja ya kuyatafuta, kwani sadfa za kweli zipo. Tangu 1831 hakuna rais mwingine wa Marekani aliyefariki tarehe hiyo. Aliyekaribia kwa cheo ni Hannibal Hamlin, makamu wa kwanza wa Abraham Lincoln, aliyefariki Bangor, Maine, tarehe 4 Julai 1891.

Lipo jambo moja ambalo wahubiri wa 1826 hawakuligusa. Jefferson alikufa akiwa amezama katika madeni, na katika wosia wake aliwaachia huru watumwa watano tu. Mwezi Januari 1827 watu 130 waliokuwa watumwa wa Monticello walipigwa mnada pale pale nyumbani kwake, familia zikatawanywa. Kwa watu hao, kifo cha tarehe 4 Julai kilikuwa na maana tofauti kabisa na ile iliyohubiriwa makanisani.

Kwa upande wa waliozaliwa, habari zake ni fupi. Rais pekee aliyezaliwa siku hiyo ni Calvin Coolidge, huko Plymouth Notch, Vermont, mwaka 1872. Mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne alizaliwa Salem, Massachusetts, mwaka 1804. Stephen Foster, mtunzi wa nyimbo nyingi zilizopendwa Marekani katika karne ya 19, alizaliwa Pennsylvania siku ile ile waliyokufa Jefferson na Adams, jambo ambalo orodha nyingi hulitaja bila kulitilia maanani. Malia, binti mkubwa wa Barack Obama, alizaliwa Chicago mwaka 1998. Katika nchi yenye mamilioni ya watu, kila tarehe ya mwaka ina watu mashuhuri kadhaa wa namna hii, na 4 Julai haiwazidishi.

Wanaovutia zaidi ni wale ambao hawakuzaliwa siku hiyo. George M. Cohan, mwigizaji na mtunzi wa nyimbo za jukwaani, alijijengea jina kwa kuimba juu ya kijana mzalendo aliyezaliwa 4 Julai, na familia yake ilishikilia kwamba ndiyo siku yake. Cheti cha ubatizo kinasema 3 Julai 1878. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong, ambaye Afrika inamkumbuka kwa ziara yake ya 1960 iliyomfikisha Léopoldville na Élisabethville katika Kongo iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru, alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa 4 Julai 1900. Vitabu na majalada ya santuri vilirudia hivyo. Miaka mingi baada ya kifo chake, kilichotokea tarehe 6 Julai 1971, kumbukumbu za ubatizo za kanisa moja Katoliki la New Orleans zilionyesha kwamba alizaliwa 4 Agosti 1901. Si lazima tudhani kwamba alidanganya. Watoto wengi maskini wa Kusini, hasa weusi, hawakuwa na vyeti, na mtu aliyetakiwa kujaza tarehe alichagua ile ambayo kila mtu angeikumbuka. Tarehe iliyotukuzwa na taifa ilivuta hata siku za kuzaliwa za watu.

Kundi lililo kubwa kuliko yote ni la matukio yaliyopangwa. Chuo cha kijeshi cha West Point kilifunguliwa 4 Julai 1802. Uchimbaji wa mfereji wa Erie ulianza 4 Julai 1817 karibu na mji wa Rome, jimbo la New York. Mwaka 1828 Charles Carroll, ambaye baada ya vifo vya 1826 ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wale 56, akiwa na miaka 90, aliweka jiwe la kwanza la reli ya Baltimore na Ohio, na siku hiyo hiyo Rais John Quincy Adams alishika sepetu kuanzisha mfereji wa Chesapeake na Ohio. Jiwe la msingi la mnara wa Washington liliwekwa 4 Julai 1848. Booker T. Washington alifungua shule ya Tuskegee, Alabama, tarehe 4 Julai 1881 akiwa na wanafunzi 30. Hakuna sadfa hata moja hapa. Kuna kamati, mialiko na bendi. Mwanahistoria anayetaka kujua kazi ya ujenzi ilianza lini hasa, katika miradi ya aina hii, anapaswa kuitilia shaka tarehe yoyote ya 4 Julai, kwa sababu mara nyingi ni siku ya hotuba tu.

Hata vitani tarehe ilikuwa mtaji. Mwezi Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, baada ya mji wa Vicksburg, Mississippi, kuzingirwa kwa siku 47, kamanda wa jeshi la Kusini John Pemberton aliamua kusalimu amri kwa Ulysses Grant wa jeshi la Kaskazini. Pemberton alikuwa mzaliwa wa Philadelphia, na alieleza katika taarifa yake kwamba anaijua tabia ya watu wa Kaskazini na kwamba angepata masharti mepesi zaidi siku ya 4 Julai, kwa vile majivuno yao yangewafanya wautamani ushindi siku hiyo. Alisalimu amri siku hiyo akiwa na askari zaidi ya 29,000, na badala ya kupelekwa magerezani wengi wao waliachiwa kwa ahadi ya kutopigana tena mpaka wabadilishwe na mateka wa upande wa pili. Wakati huo huo Robert Lee, jenerali mwingine wa Kusini, alikuwa anarudi nyuma kutoka Gettysburg, Pennsylvania, baada ya mapigano ya siku tatu yaliyomalizika tarehe 3. Hilo ndilo lililokuwa sadfa. Kwa miongo mingi wakazi wengi weupe wa Vicksburg hawakuitaka sherehe ya siku hiyo, ilhali wakazi weusi waliiadhimisha.

Tarehe 7 Julai, habari za Vicksburg zilipofika Washington, umati ulikwenda Ikulu kumshangilia Lincoln, naye alizungumza bila kujiandaa. Aliuliza ni miaka mingapi imepita, themanini na ushei, tangu taifa litangaze kwamba watu wote wameumbwa sawa, kisha akataja vifo vya Jefferson na Adams, kifo cha Monroe, na sasa ushindi huu, vyote vikiwa vya tarehe moja. Miezi minne baadaye, katika hotuba yake makaburini Gettysburg, wazo lile la kuhesabu miaka lilirudi likiwa limenolewa. Katika maneno yale ya Julai, Lincoln alisema kwamba Jefferson na Adams walifariki miaka 50 kamili tangu waweke mikono yao kwenye karatasi, yaani alirudia kosa la utiaji sahihi. Alikuwa anatengeneza, mbele ya umati, orodha ya "siku kama ya leo".

Wamarekani weusi waliisoma tarehe hiyo kwa jicho jingine. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1817 ilipanga utumwa ukomeshwe huko 4 Julai 1827, tarehe iliyochaguliwa kwa makusudi. Lakini siku ilipofika, watu weusi wa jiji la New York waliandamana kwa shangwe tarehe 5, kwa sababu ya nne ilikuwa siku ya walevi na wahuni weupe waliozoea kuwashambulia, na kwa sababu wengine hawakuona haya kuonyesha kwamba sherehe ile haikuwa yao. Nat Turner, aliyekuwa mtumwa, alipanga maasi ya watumwa Virginia yaanze 4 Julai 1831, akaugua, yakaahirishwa hadi Agosti. Monroe, gavana wa zamani wa jimbo hilo hilo, alifariki siku ambayo maasi yangeanza. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, alipoalikwa kuhutubia Rochester, jimbo la New York, mwaka 1852, alihutubia tarehe 5, akawaambia wasikilizaji wake kwamba 4 Julai ni yao, si yake. Wanaweza kufurahi, yeye lazima aomboleze. Katika mwaka huo tarehe 4 iliangukia Jumapili, kwa hiyo sherehe nyingi zilisogezwa, lakini desturi ya tano Julai ilikuwa tayari na umri wa miaka 25. Orodha nyingi huiweka hotuba hiyo chini ya 4 Julai, na hivyo kuifuta hoja yake yenyewe.

Pambano la ndondi la Reno, Nevada, la 4 Julai 1910 liko katika mstari huu. Promota Tex Rickard aliliweka siku ya sikukuu ili apate watu wengi, akamwita kutoka mapumzikoni James Jeffries, bingwa mweupe wa zamani, amnyang'anye ubingwa wa dunia Jack Johnson, bondia mweusi. Johnson alimmaliza katika raundi ya 15. Habari zilipofika mijini kwa telegrafu, watu weupe waliwashambulia weusi sehemu nyingi za nchi, na kuna waliouawa. Sikukuu ilikuwa imeweka watu mitaani wakiwa na pombe na baruti. Tarehe haikuwa pambo tu katika tukio hilo, ilichangia vurugu zenyewe.

Marekani iliisafirisha tarehe yake pia. Sheria ya Kongresi ya 1934 iliyoahidi uhuru wa Ufilipino ilitaja wazi kwamba utaanza 4 Julai baada ya kipindi cha mpito cha miaka kumi, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1946. Wafilipino walikaa na siku hiyo ya kuazima kwa miaka 16, mpaka Rais Diosdado Macapagal alipoihamishia sikukuu ya uhuru 12 Juni, siku ambayo uhuru ulitangazwa dhidi ya Hispania mwaka 1898.

Kuna mkanganyiko mwingine usiohusiana na siasa: tarehe ni ya mahali fulani. Mwaka 2005 chombo kilichotumwa na shirika la NASA kuigonga nyota mkia ya Tempel 1 kilifika shabaha yake 4 Julai kwa saa za pwani ya mashariki, lakini wahandisi waliokuwa wakikifuatilia kutoka California walishangilia usiku wa tarehe 3. Mwaka 1976 Marekani ikijiandaa kwa sherehe za miaka 200, makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka, wakapitia Nairobi kuongeza mafuta. Operesheni hiyo ilivuka usiku wa manane wa kuamkia 4 Julai kwa saa za Afrika Mashariki, wakati New York ilikuwa bado alasiri ya tarehe 3; Wamarekani waliamka siku ya bendera na fataki wakakuta kurasa za mbele zimegawanyika.

Bendera yenyewe ndiyo inayotoa mfano wa tarehe iliyoandikwa ndani ya sheria. Tangu 1818 sheria inasema kwamba jimbo jipya likikubaliwa, nyota yake huongezwa kwenye bendera 4 Julai inayofuata, si siku jimbo lilipoingia. Alaska iliingia Januari 1959, bendera ya nyota 49 ikapandishwa Julai mwaka huo. Hawaii iliingia tarehe 21 Agosti 1959, wiki chache baada ya tarehe hiyo kupita, ikalazimika kusubiri nyota yake mpaka 4 Julai 1960.